Amlodipini: presha ilishuka, miguu ikafura

Nianze na miguu, maana ndiyo iliyonitia hasira. Nilikuwa natumia amlodipini ya miligramu 5 bila shida yoyote, ila presha iligoma kushuka chini ya 150, nikapandishiwa hadi 10. Wiki kadhaa baadaye, jioni moja navua soksi, nakuta zimeacha mfereji. Nikabonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba. Shimo likabaki palepale.

Nikarudi kliniki. Niliyemkuta zamu hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Huo uzee. Punguza chumvi." Nikamwambia kilichobadilika ni dawa, si chumvi. "Kwani daktari ni wewe au mimi?" Akaniandikia vidonge vya kukojoza. Nikaamka mara nne usiku, na asubuhi miguu ni magogo yaleyale.

Aliyenifungua macho ni mfamasia, tena akiwa anafunga dirisha. Misuli ya kuta za mishipa, akasema, hukaza pale kalsiamu inapoingia kwenye seli. Dawa hii huiziba ile milango ya seli inayopitisha kalsiamu, misuli inalegea, mishipa inatanuka, presha inashuka. Kasoro yake ni kwamba inayotanuka zaidi ni ile midogo inayoleta damu. Inayoirudisha haitanuki vile, basi maji yanavujia kwenye nyama na kutuama miguuni. Mwili haujajaa maji, ndiyo maana vya kukojoza havikufua dafu. Dakika mbili tu! Yule wa simu alishindwa nini?

Kwa hasira nikaacha dawa kimyakimya. Usiniige. Na inahadaa kweli, kwa sababu hukaa mwilini siku kadhaa: siku ya kwanza na ya pili nilipima nikajikuta niko sawa, nikajiona mjanja. Wiki haijaisha, 176 kwa 104, kisogo kinagonga.

Daktari mwingine amenirudisha kwenye 5 na kuniongezea losartani, dawa nyingine ya presha. Nilikaa hapa niandike kwamba dawa hii ni takataka, sasa mashine pembeni yangu inasema 128 kwa 80, namba ambayo sijaiona miaka. Basi dawa siilaumu. Au nailaumu nusu, maana ikifika jioni viatu vyeusi bado vinabana. Ila yule wa simu, hata nikizidiwa usiku wa manane, msinipeleke kwake.