Pingu za mnyororo, za bawaba na zile ngumu: zipi zinafaa chuo cha askari?

Anayenunulia chuo pingu za somo la kujihami na ukamataji huanza kwa kuuliza ugumu wa chuma. Hilo lina jibu jepesi: pingu ya kiwanda kinachoaminika haivunjwi kwa nguvu za mikono. Swali lenye uzito zaidi ni kuhusu kufuli la pili, ile sehemu inayozuia meno yasiendelee kukaza baada ya mtu kufungwa. Kwa kigezo hicho tumepima aina tatu zinazotumika sana, na uamuzi wetu ni huu: kuruta aanze na pingu ya mnyororo, Peerless 700 au Smith & Wesson 100; ya bawaba ifuate akishazoea; na ile ngumu, yaani yenye mshiko usiopinda katikati, isinunuliwe kabisa na chuo kisicho na saa za kutosha za kuifundisha.

Peerless 700 ni ya chuma kilichopakwa nikeli, ina uzito wa gramu 280 hivi, na muundo wake unatokana na hataza ya George A. Carney ya mwaka 1912. Upinde mmoja wenye meno unazunguka na kupita katikati ya bamba mbili. Ukiusukuma upinde huo kwenye kifundo cha mkono cha mtuhumiwa, unazunguka wote na kujifunga wenyewe upande wa pili. Askari anafunga kwa mkono mmoja, na mkono wake mwingine unabaki umemshika mtu. Pingu nyingi za leo zinafuata mtindo huu, zikiwemo za Smith & Wesson na ASP, na nyingi hufunguliwa kwa ufunguo wa umbo lilelile. Hiyo ni faida na hatari kwa pamoja. Askari yeyote anaweza kumfungua mtu aliyefungwa na mwenzake, lakini na mtuhumiwa naye anaweza kuwa na ufunguo wake. Kwa hiyo upekuzi wa mkanda, pindo la suruali kwa nyuma na mifuko ya nyuma hauahirishwi.

Sasa tuje kwenye kufuli la pili, maana hapa ndipo makuruta wengi wanapoharibu. Ufunguo una ncha ndogo upande wa pili. Kwenye Peerless unaibonyeza ncha hiyo ndani ya kitundu kilicho ubavuni mwa pingu. Smith & Wesson wametengeneza za namna mbili, ya kubonyeza kama hiyo na nyingine ambayo ncha inaingia kwenye mfereji mfupi na kusukumwa pembeni. Ya kubonyeza ni rahisi zaidi gizani na kwa vidole vinavyotetemeka, na kutetemeka ni jambo la kawaida baada ya purukushani. Tatizo lake ni kwamba inaweza kujibonyeza ndani ya mfuko wa mkandani. Ikitokea hivyo, askari anaichomoa, anasukuma upinde kwenye kifundo cha mtu, na upinde umesimama tuli. Mtu anagundua kuna kasoro, anavuta mkono, mapambano yanaanza upya. Dawa yake ni tabia ya sekunde mbili: kila unapoirudisha pingu mfukoni, zungusha kila upinde mzunguko mmoja kamili, kisha uusukume mpaka yabaki meno mawili au matatu tu kabla haujapita. Hapo upinde utaruka kwa msukumo mdogo. Ukiuacha wazi sana, itabidi usukume kwa nguvu, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye mfupa wa mtu.

Kazi ya kufuli la pili ni mbili. Kwanza, linazuia pingu kukaza zaidi mtu anapoketi kwenye gari na kuegemea mikono yake, au anapojipinda kwa makusudi. Pili, linafunga njia ya kuifungua kwa kipande chembamba cha bati kinachopenyezwa kati ya meno na ulimi wa kufuli. Pingu isiyofungwa mara mbili ni kazi iliyoishia nusu, na mkufunzi asiihesabu kuwa imefungwa hata kama mwanafunzi alikuwa na kasi ya kupendeza.

Utaratibu tunaouona sahihi kwa darasa ni huu. Pingu inakaa kwenye sehemu nyembamba ya kifundo, kati ya kiganja na ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho, na tundu la ufunguo linatazama mbali na viganja. Viganja viwili vinatazama nje, migongo ya mikono ikikutana nyuma ya kiuno. Upinde unasukumwa, haupigwi. Kisha ncha ya kidole inapitishwa kati ya chuma na ngozi: ikipita bila kulazimisha, nafasi inatosha, ikipita kirahisi mpaka kwenye kiungo cha pili cha kidole, imelegea. Baada ya hapo ndipo kufuli la pili linabonyezwa, kila upande, na upinde unasukumwa kidogo kuhakikisha hausogei. Kupima nafasi baada ya kufunga kufuli la pili ni kupoteza muda, kwa kuwa ukikuta imebana itakubidi ufungue yote.

Kufungua nako kunafundishwa. Kufuli la pili likiwa limefungwa, ufunguo unageuzwa kwanza upande mmoja mpaka usikie mlio mdogo, halafu unarudishwa upande wa pili ndipo ulimi uachie meno. Anayesahau hatua ya kwanza huongeza nguvu mpaka ufunguo unapinda au ncha inakatika ndani ya tundu. Kwa sababu hiyo ukumbi wa mazoezi uwe na funguo za akiba mkononi mwa mkufunzi, si kabatini, pamoja na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Saa, bangili na pete zinavuliwa kabla ya zoezi kuanza.

Chuma kinachobana sana hakiachi alama ya ngozi pekee. Upande wa kidole gumba, tawi la mshipa wa fahamu linapita juu ya mfupa likiwa na kinga ndogo sana, na pingu ikilikandamiza mtu hupata ganzi mgongoni mwa kidole gumba na kiganja. Mara nyingi ganzi hiyo hupona yenyewe, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi. Mtuhumiwa anaposema vidole vimekufa ganzi, askari anatazama rangi ya vidole, anahisi joto lake, na anapima tena nafasi kwa kidole. Afanye hivyo hata kama anaamini anadanganywa.

Kwa mnunuzi mwenye mzigo wa pingu mezani, kipo kipimo kizuri cha kuanzia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/125, inayodhibiti biashara ya vifaa vinavyoweza kutumika kutesa, inaeleza pingu za kawaida ni zipi: zikiwa zimefungwa zote mbili, urefu kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, pamoja na mnyororo, uwe kati ya milimita 150 na 280, mzunguko wa ndani uwe angalau milimita 200 kwenye jino la kwanza na usizidi milimita 165 kwenye jino la mwisho, na zisiwe zimegeuzwa ili kuleta maumivu. Uzi na rula vinatosha kupima. Pingu za vidole gumba ziko kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na kanuni hiyohiyo, na muuzaji anayekuwekea mezani kama nyongeza ya zawadi ni wa kukimbiwa.

Ukimaliza kupima, pitisha kitambaa laini cha pamba kwenye kingo zote. Kikinasa nyuzi, kuna makali ambayo hayakusuguliwa. Angalia ribiti zinazoshika bamba mbili kama zimelala sawa na chuma. Funga jino moja moja ukisikiliza: kila jino litoe mlio wake. Jino linalopita kimya lina kasoro, au springi ya ulimi imelegea. Kisha funga kufuli la pili na ujaribu kuusukuma upinde kwa kiganja, mara kadhaa kila upande. Pingu za bei ya chini huanguka kwenye jaribio hili la mwisho kuliko jingine lolote.

Pingu ya bawaba, kama Peerless 801, haina mnyororo. Pande mbili zimeunganishwa kwa bawaba, kwa hiyo inakunjwa bapa na vifundo havizunguki kwa uhuru. Hilo ni jema kwa kusafirisha mtu anayejaribu kufikia tundu la ufunguo au kupitisha miguu ili mikono ije mbele. Lakini bawaba haisamehi kosa la uelekeo. Kwenye mnyororo, tundu likiangalia viganja bado unaweza kuipinda pingu kidogo ukafungua. Kwenye bawaba unaweza kujikuta huna pembe ya kuingizia ufunguo. Mtu mwenye mabega mazito au kifua kipana naye huumia, kwa sababu pengo kati ya vifundo ni dogo. Kwa huyo, unganisha pingu mbili za mnyororo, pingu moja kwa kila kifundo, kisha uzifunge pamoja katikati. Makuruta wafanye zoezi hili, kwa kuwa wengi hudhani ni ishara ya kulegea.

ASP Ultra inastahili kutajwa hapa kwa jambo moja: ina tundu la ufunguo pande zote mbili. Kosa la uelekeo linapoteza uzito wake. Ni pingu nzuri kazini. Kwa mwanafunzi wa mwanzo tunasita, maana atajenga mazoea ambayo pingu nyingine haitamvumilia.

Pingu ngumu, zenye mshiko wa plastiki katikati, zilienea katika polisi wa Uingereza kuanzia miaka ya 1990. Askari anashika mshiko kama mpini, na baada ya kifundo kimoja kufungwa tayari ana wenzo wa kumwongoza mtu. Katika mikono iliyofunzwa zinamaliza mapambano mapema, na hilo ni jema kwa pande zote. Katika mikono isiyofunzwa zinakuwa kifaa cha maumivu. Digrii chache za kupinda mshiko zinatosha kuumiza kifundo, na kuruta anayeogopa hupinda zaidi kila mtu anapopiga kelele, bila kuona kwamba kelele zenyewe zinatokana na kupinda. Kanuni za maadili za Umoja wa Mataifa kwa watekelezaji wa sheria, za mwaka 1979, zinaruhusu nguvu pale tu inapolazimu kabisa na kwa kiasi ambacho kazi inahitaji. Kwa hiyo kila msokoto wa mshiko huo ni matumizi mapya ya nguvu: una sababu yake, unaandikwa kwenye ripoti, na unakoma mtu anapotii.

Mikanda ya plastiki ni ya dharura ya watu wengi kwa wakati mmoja. Haina kufuli la pili, inakaza bila kurudi nyuma, na inahitaji kikatio maalumu chenye makali yaliyofichwa. Usiinunue bila kikatio. Pingu za mazoezi zinazofunguka kwa kidole bila ufunguo nazo zinafaa kipindi cha kwanza tu. Nyingi zinampa mwanafunzi ruhusa ya kusahau kufuli la pili, na akilisahau ukumbini atalisahau barabarani.

Ubora wowote wa chuma hauna maana kama somo linaishia kwenye mlio wa meno. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa waraka kuhusu vifo vya watu waliozuiwa wakiwa wamelala kifudifudi, na agizo lake la wazi ni kwamba mtu akishafungwa pingu aondolewe tumboni mara moja. Mei 2020 huko Minneapolis, George Floyd alikuwa tayari amefungwa pingu nyuma alipobanwa kifudifudi kwa zaidi ya dakika 9. Kila zoezi la kufunga pingu chini limalizike hivi: goti linaondoka mgongoni, mtu anageuzwa ubavu, anakalishwa, na askari anamsemesha akisikiliza pumzi yake. Mtu akisema hawezi kupumua, kuongea kwake hakuthibitishi kwamba anapata hewa ya kutosha. Mkufunzi apige muda kuanzia kufuli la pili mpaka kukaa wima, na muda huo ndio upewe alama, badala ya kasi ya kuchomoa pingu.

Utunzaji ni mdogo lakini hauachwi. Mchanga na jasho ndivyo vinavyoua springi. Tumia brashi kavu na unga wa grafiti. Mafuta mazito hunasa vumbi na kulifanya tope ndani ya kufuli. Damu isafishwe kwa alkoholi ya asilimia 70, kwani dawa ya klorini hula nikeli. Pingu za ukumbini zipakwe rangi kwenye mnyororo na zisivuke mlango kwenda kazini, kwa sababu meno yaliyofungwa na kufunguliwa kutwa huchakaa kingo na siku moja huteleza.

Kwa kundi la makuruta 20, tungeagiza pingu 10 za mnyororo za aina moja, 4 za bawaba, na funguo zisizopungua 30, kwa kuwa funguo hupotea na kupinda haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.