Kasualti usiku kwa mwenye kisukari: uzoefu wangu Mombasa

Hospitali ninayoizungumzia ni ya kibinafsi, iko hapa kisiwani, na mimi ni mtu wa kujidunga insulini kila siku. Mlangoni wako hodari kweli. Wakishalegea kwenye upimaji wa saa zinazofuata, ndipo hatari inapoingia.

Sukari hupimwa kidoleni kabla hujaulizwa kadi ya bima. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita na mgonjwa hawezi kumeza, hudungwa dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 50, mililita 50, yaani gramu 25 za glukosi. Huingizwa polepole kwenye mshipa mkubwa, kwani ikivuja nje huunguza nyama. Mgonjwa huzinduka upesi, jamaa wakashukuru Mungu, na daktari wa zamu akaanza kuandika ruhusa kwa kipimo kimoja kizuri. Msikubali, hasa kama kilichoshusha sukari ni tembe za glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na mgonjwa ni mzee mwenye figo dhaifu. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, sukari itashuka tena. Alazwe, dripu ya dekstrosi iendelee, apimwe kila saa.

Sukari iliyopanda ni habari nyingine. Kutapika, pumzi ndefu za haraka, harufu ya matunda kinywani: waulize ketoni hapo hapo, yaani asidi zinazojaa damuni mwili ukikosa insulini. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 huanza, kwa kawaida lita 1 saa ya kwanza kwa mtu mzima. Insulini hufuata kwa pampu, yuniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, lakini kiwango cha potasiamu, madini ya damuni, kijulikane kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, insulini husubiri hadi iongezwe, maana insulini huiingiza potasiamu ndani ya seli na moyo unaweza kupiga ovyo. Kosa ninaloliona zaidi ni hili: sukari ikishuka, pampu inazimwa. Haizimwi! Sukari ikifika karibu na 14 huongezwa dekstrosi kwenye dripu, na insulini inaendelea mpaka ketoni ziishe.

Stripu zao za kupimia sukari nilizikuta mezani, kichupa wazi. Kwa joto na unyevunyevu wa Mombasa, stripu iliyoachwa hivyo haiaminiki. Kidole nacho kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe. Chenye embe au haluwa kitasoma juu. Presha ikiwa imeanguka sana, damu ya kidoleni hudanganya, itolewe ya mshipani ipelekwe maabara.

Ukiambiwa ukae njaa kwa ajili ya upasuaji, mwenye kisukari cha aina ya 1 haachi insulini ya muda mrefu. Huenda kipimo kikapunguzwa, lakini haiachwi kabisa.

Anayetoka Likoni asiingie foleni ya feri bila glukosi ya unga mfukoni: sukari ikishuka ale gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kisha apime tena baada ya dakika 15. Insulini isigusane na barafu; ikiganda imeharibika.

Nitarudi huko kwa sababu ya ule mlango wao. Ila mgonjwa awe na mtu kando ya kitanda, mwenye daftari: saa, sukari, potasiamu, kasi ya pampu. Saa ikipita bila kipimo, amwite nesi.