RFdiffusion All-Atom: mfuko nimepata, kihisi bado

Nimekaa na programu hii miezi minne nikitafuta protini ya kuhisi kotisoli, ile homoni ya msongo. Ukishaipa umbo la molekuli ndogo, inaizungushia atomi zilizotawanyika ovyo, kisha inazipanga hatua kwa hatua mpaka uti wa protini unajikunja kuikumbatia kama mfuko. Asidi amino, yaani viungo vinavyoijenga protini, huchaguliwa baadaye na programu nyingine, LigandMPNN. Zote ni za bure, zimetoka kundi la David Baker, aliyepata Nobeli ya Kemia 2024.

Wiki tatu za kwanza nilizipoteza mwenyewe. Kwenye faili langu la kotisoli kaboni moja ilikuwa imegeuka, kama glavu ya kushoto mkono wa kulia. Kompyuta haikulalamika. Ilinifinyangia mifuko mizuri ajabu ya molekuli ambayo hakuna mtu anayo mwilini. Jamani, kagueni faili kwanza.

Nilipoanza upya nilizalisha maumbo kama elfu kumi, nikachuja kwa programu ya kutabiri umbo, nikabaki na 96 kwa sababu sahani ya maabara ina vishimo 96. Sita zilishika kotisoli. Sikutegemea hata mbili.

Tatizo likaja hapo. Protini ikishaishika kotisoli inabaki vilevile, haitikisiki, haitoi ishara yoyote. Nilichoomba ni umbo moja lililotulia, nikapewa hilo hilo; kihisi kinataka maumbo mawili, la kabla na la baada. Nikabadili mbinu: nikasanifu vipande viwili vinavyoungana pale tu kotisoli inapokaa katikati yao, kila kimoja kimebeba nusu ya kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake.

Nikatia lusiferini, kemikali ambayo kimeng'enya hicho huitumia kutoa mwanga, nikazima taa. Kishimo C7 kikawaka! C8 pia, karibu sawa, na humo nilikuwa nimetia kotisoni, ndugu yake wa karibu, si kotisoli. Hizo mbili zinatofautiana kwa haidrojeni mbili tu: moja kwenye kaboni ya 11, nyingine kwenye oksijeni iliyoshikana na kaboni hiyo. Mfuko wangu ulikuwa mpana upande huo, haukuona tofauti.

Ukitaka cha kushika molekuli, chukua bila kusita. Ukitaka cha kuhisi, jiandae kufanya nusu ya kazi kwa kichwa chako. Nyota nne. Mimi nimerudi kwenye kaboni ya 11, natafuta asidi amino ya kuikamata ile haidrojeni ya oksijeni.