Hadubini ya wanafunzi ya taa ya LED: nyota 4, ila ile "inakuza mara 2000" ya kwenye boksi ni chai

Wakuu nimechukua hii hadubini kwenye duka moja la vifaa vya maabara hapa Dodoma mjini, laki tatu na nusu baada ya kuvutana sana, ni ya madogo wangu wa tuisheni ya baiolojia na nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, waone bakteria wakiogelea mubashara, sio michoro ya kitabuni. Kwa hiyo kazi iko vizuri.

Maji nilichota bwawa la Hombolo, nikatumbukiza majani makavu nikaacha mpaka yakaanza kunuka na kutanda utando juu. Tone moja kwenye slaidi, funika, lenzi ya 40 na ile ya jicho ya 10, yaani mara 400, inatosha kabisa. Muhimu ubane diafragma (kile kitundu cha mwanga chini ya slaidi) mwanga upungue maana bakteria hawana rangi, mwanga ukiwa mwingi huoni kitu. Na hewa yetu hii kavu tone linakauka chap, paka vaselini pembeni ya kile kioo cha juu.

Sasa utaona wengine wanatetemeka tu palepale, hao wanagongwa na molekuli za maji, hata waliokufa wanatetemeka hivyohivyo. Wanaoogelea utawajua, anakata mstari, anapinduka, anakata tena kwingine. Dogo mmoja akauliza mbona kama wamelewa, ndo stori ikaanzia hapo. Mwaka 1972 watafiti Howard Berg na Douglas Brown walitumia hadubini inayomfuata E. coli (bakteria wa utumbo) mmoja kila anakoenda, wakakuta anakwenda kama sekunde 1 hivi, anapinduka sehemu ya kumi ya sekunde, anashika uelekeo mpya. Mwaka uliofuata Berg na Robert Anderson wakasema ule mkia mwembamba anaoogelea nao bakteria haupigwi huku na huku, unazungushwa na mota iliyo kwenye shina lake, na 1974 watafiti wengine, Silverman na Simon, wakanasisha mkia kwenye kioo, basi mwili mzima ndo ukawa unazunguka, ubishi ukaisha!

Mota yenyewe ina upana wa nanomita kama 45 tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) na inazunguka mara 100 na zaidi kwa sekunde. Haitumii ATP, ile molekuli ya nishati ya seli, moja kwa moja (form six wangu wote walisema ATP), inasukumwa na protoni (hidrojeni zenye chaji) zinazoingia ndani ya seli. Ikizunguka kinyume na saa, mikia inajisokota fungu moja anaenda mbele, ikigeuza fungu linafumuka ndo anapinduka. Na sio bodaboda kwamba ukizima injini inaserereka kidogo, kwa udogo wake maji ni mazito balaa, mota ikisimama naye kasimama, anasogea umbali mdogo kuliko hata atomu moja.

Haya, ubaya wake. Muuzaji kaniambia, na boksi limeandikwa, inakuza mara 2000 "utaona mpaka mikia". Mkia una unene wa nanomita kama 20, na mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, kwa hiyo hiyo lenzi ya jicho ya 20 ukiweka juu ya ile ya 100 unapata ukungu uleule ila mkubwa. Mikia inataka upakaji rangi maalum, au hadubini ya elektroni ambayo hatuna mitaani huku. Skrubu ya kufokasi nayo inateleza yenyewe kidogokidogo, na kile kifuniko cha nailoni vumbi la Dodoma linapita kama hakipo, nimeshona cha kitambaa.

Taa inachajiwa, umeme ukikata kipindi kinaendelea, hapo nawapa sifa. Mafuta ya kudondosha kati ya slaidi na lenzi ya 100 hawatoi. Ukienda waambie wabaki na hiyo lenzi ya jicho ya 20, wakupe kichupa cha mafuta badala yake.