Chui wa rangi za mafuta, kutoka kibanda cha picha Arusha mjini

Nyota nne kati ya tano, na sababu kubwa ni masikio.

Kazi yangu ni kuongoza watalii Serengeti. Chui wengi waliochorwa ninaowaona madukani ni paka wa nyumbani waliotiwa madoa. Huyu ni chui kweli. Mboni zake ni za duara, na ncha ya mkia kwa upande wa chini ni nyeupe, kitu ambacho wachoraji wengi hukisahau.

Muuzaji alinieleza kwamba yuko mawindoni. Sikubaliani naye. Chui anayewinda hujibana na kunyatia tumbo likikaribia ardhi; huyu kalala juu ya tawi la mgunga, miguu inaning'inia huku na huku, tumbo limejaa. Ameshiba, lakini hasinzii. Kichwa kakiinua, sikio moja linaelekea mbele, la pili limegeuzwa chini. Sikio hilo lilinisumbua mpaka nikaiona kwato ya swala kwenye panda ya mti, nyuma ya majani. Hapo picha ikanifungukia: analinda nyama yake. Chui hupandisha windo mtini kwa sababu fisi na simba humnyang'anya, na aliye chini ya mti huu, awe nani, mchoraji kamwacha nje ya picha. Unamjua kupitia sikio tu. Wageni wangu nyumbani nikiwaonyesha ile kwato, macho yao hushuka moja kwa moja chini ya fremu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya miguu. Mabaka yenye umbo la waridi ni ya mgongoni na ubavuni. Miguuni huwa madoa meusi yaliyojaa. Hapa mawaridi yameshuka hadi vidoleni. Inaniuma, maana ubavu umechorwa kwa subira kubwa, kila baka na kahawia yake katikati, na kivuli cha majani kimepita juu yake bila kuyavuruga.

Bei ilianzia 250,000, tukamalizana kwa 180,000 pamoja na fremu. Fremu ni ya kawaida tu.

Ukienda, pitisha kidole pembeni mwa picha usikie michirizi ya brashi, kwa sababu nyingine zinazouzwa mitaani ni za kuchapishwa. Halafu omba uitoe nje juani kabla ya kulipa. Taa ya kibandani hufanya kila manyoya yaonekane ya dhahabu.