Seti ya dadu na gurudumu la probabiliti (uwezekano wa jambo kutokea), soko la Kikuubo, Kampala

Nimewachukulia watoto wa S2 (Senior Two, mwaka wa pili wa sekondari) hii seti pale Kikuubo, ina dadu, gurudumu la rangi na karatasi za kujazia. Dadu ziko poa sana, kinadharia kila namba ina nafasi ya 1/6 kutokea, sasa mkirusha mara 12 tu unakuta 4 imejaa na 2 haijatokea, kelele zinaanza eti dadu imerogwa, basi mnajumlisha matokeo ya darasa zima na kila namba inasogea karibu na ile 1/6, hapo ndo wanaelewa.

Gurudumu bure kabisa, mshale unakwama kwenye nyekundu (ila linafaa kuonyesha kifaa kinachopendelea upande mmoja, hehe). Bajeti ikibana chukueni dadu za ludo na sarafu ya shilingi 500 ya Uganda, upande wa korongo na wa nembo.