Uzoefu wangu: Linux Mint na Windows 11 kwenye meza moja ya steshenari, Mtwara

Steshenari yangu ipo Magomeni, Mtwara mjini, na kazi zake ni zile za steshenari yoyote: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia wanafunzi maombi ya mikopo mtandaoni na, minada ya korosho inapoanza, kuprinti orodha ndefu za wakulima zinazoletwa kwenye flashi na makarani wa vyama vya msingi. Kwa miezi minane sasa kompyuta moja inatumia Linux Mint, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) wa bure, na ya pili Windows 11 ya Microsoft, zote zikiwa zimekaa meza moja, na kwa kuwa wateja wanaoziona huniuliza ni ipi bora, nimeona niandike nilichokutana nacho mwenyewe.

Nilianza kufikiria kubadili mfumo endeshi niliposoma kwamba Microsoft ingeacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Muuza nguo anaweza asiijali tarehe hiyo, lakini kwa duka linalochomekewa flashi za watu tangu asubuhi hadi jioni ni sawa na kuambiwa kwamba mlinzi wako anastaafu katikati ya msimu wa korosho. Ni kweli kwamba Microsoft ilitoa nafasi ya kupata masasisho hayo kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila kulipa kwa anayekubali kuunganisha kompyuta yake na akaunti yao, ila huko ni kusogeza tatizo mbele. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ambazo kwa kiasi kikubwa zinaanzia kizazi cha nane. Kompyuta yangu ya mbele ni Core i5 ya kizazi cha sita. RAM inatosha, kioo ni kizima, kibodi haijafutika hata herufi moja, ila haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa.

Barazani pangu palikuwa na mjadala juu ya jambo hili kabla mimi mwenyewe sijaamua. Fundi anayetutengenezea kompyuta, ambaye sote tunamwita mjomba, alishika msimamo kwamba Windows ndiyo mfumo wa kazi na Linux ni wa wanafunzi wasio na wateja wanaosubiri. Alikuwa tayari kuniwekea Windows 11 kwa ujanja wa kuruka ukaguzi wa prosesa, ingawa Microsoft inasema wazi kwamba mashine zilizowekewa kwa njia hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Kijana mmoja wa chuo, ambaye hufika kuprinti kazi zake, aliapa kwamba Linux haiingii virusi, haigandi na haiombi leseni. Sasa naona kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, kwa sababu wote wawili walizungumzia mifumo kana kwamba inafanya kazi hewani, na hakuna aliyegeuka kutazama vifaa vilivyokuwa vimepangwa kwenye rafu nyuma yao.

Mint nililipakua usiku, bando likiwa nafuu, kwa kuwa faili lake linakaribia GB 3. Nilichukua toleo la 22 lenye mwonekano wa Xfce, ambao ni mwepesi kwa mashine za umri huu. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo ni Linux nyingine, na litahudumiwa hadi 2029. Jambo ambalo ningemsisitizia yeyote ni kwamba mfumo huu unaweza kuujaribu ukiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski ya kompyuta. Nilikaa nao hivyo Jumapili nzima nikichomeka kifaa kimoja baada ya kingine: kipanya, spika, projekta ninayoikodisha kwa semina, kamera ya picha za pasipoti. Vyote vilikubali bila kuomba chochote. Wi-Fi peke yake haikuonekana kabisa, maana chipu yake inahitaji draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, ya kampuni iliyoitengeneza, na draiva hiyo haiji na Mint moja kwa moja. Nikajikuta katika kitendawili cha kuhitaji intaneti ili nipate kifaa cha kunipa intaneti. Nilichofanya ni kuchomeka simu yangu kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti, na kompyuta ikaipokea papo hapo. Baada ya hapo programu ya kusimamia draiva ikaleta iliyotakiwa, na tangu siku hiyo Wi-Fi haijanisumbua.

Printa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ninazo mbili. Ya rangi, ya Epson yenye matangi ya wino, ilikubaliwa na Mint kabla sijatafuta chochote, na hata kuskani inaskani. Ya pili ni leza ndogo nyeusi ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja. Ndiyo inayolisha duka, kwa sababu kopi nyeusi ndizo zinazouzika. Printa kubwa za maofisini huelewa lugha za ukurasa zinazojulikana na wengi, kama PostScript na PCL, kwa hiyo mfumo wowote unaweza kuzungumza nazo. Hizi ndogo za bei nafuu zimepunguziwa akili ili zipunguzwe bei: kazi ya kuupanga ukurasa hufanywa na kompyuta, kisha draiva huutafsiri kwa lugha ambayo mtengenezaji peke yake ndiye anayeijua vizuri. Mtengenezaji akiandika draiva nzuri ya Windows na ya Linux akaitupa njiani, basi umebaki na sanduku linalomeza karatasi. Draiva ya Linux ya printa yangu ipo, lakini ni ya zamani, iliyoandikwa kwa kompyuta za biti 32. Niliiweka kwa maelekezo ya yule kijana kwa muda wa saa nzima. Ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Wa pili ukagoma, taa ya kijani ikabaki inapepesa kama kimulimuli, na mteja wangu akawa ananitazama mimi badala ya kuitazama printa. Ilibidi kuizima na kuiwasha upya kila baada ya ukurasa mmoja, jambo ambalo halivumiliki kwa orodha ya wakulima ya kurasa sitini.

Mjomba alicheka sana siku hiyo, na alikuwa na haki. Lakini wiki mbili baadaye nilimwonyesha skana yangu ya kale, ile bapa ambayo nilikuwa nimeifungia stoo tangu enzi za Windows 7 kwa sababu mtengenezaji wake hakuandika tena draiva za matoleo yaliyofuata. Niliichomeka kwenye Mint, nikafungua programu ya kuskani, na taa yake ikaanza kutembea chini ya kioo. Katika Linux draiva nyingi huwa sehemu ya mfumo wenyewe, au hutunzwa na watu wa kujitolea ambao hawana haja ya kukuuzia skana mpya, ndiyo maana kifaa kilichokwisha kukubalika huendelea kukubalika kwa miaka mingi; katika Windows mzigo huo uko kwa mtengenezaji wa kifaa, ambaye akikichoka, nawe umekichoka hata kama bado unakipenda. Kwa hiyo meza ile ile ilikuwa na kifaa kinachotii Windows peke yake na kingine kinachotii Linux peke yake, na hapo ubishi wa barazani ukanikinaisha.

Upande wa virusi Mint limenilipa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kila mwenye steshenari anavijua vile virusi vya flashi vinavyoficha folda za mtu na kuweka mahali pake shotikati zenye majina yale yale; ukibofya, virusi vinaamka na kuhamia kwenye kompyuta, na kila flashi itakayofuata inaondoka navyo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja akiwa amekata tamaa, akaniambia, “Mwanangu, mitihani ya majaribio ya darasa la saba yote imepotea humu, nimeambiwa huko nilikotoka kwamba imefutika.” Nilimwomba akae kwanza, nikachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya Mint. Folda zake zote zilikuwepo zimejipanga, na pembeni ya kila moja kulikuwa na shotikati pacha, kwa kuwa Mint halikuijali ile alama ya kuficha inayotumiwa na Windows, na programu ya virusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haikuwa na pa kuanzia. Nilinakili kazi zake, nikaisafisha flashi, nikamrudishia. Tangu hapo hakuna flashi ya mteja inayochomekwa kwenye Windows kabla haijapitia kompyuta ya mbele. Maneno ya yule kijana kwamba Linux haiingii virusi si sahihi, kwani navyo vipo. Vinavyozunguka kwenye flashi za Mtwara ndivyo havikuandikwa kwa ajili yake.

Kwa kuchapa, Mint linakuja na LibreOffice, programu za bure za kazi zile zile za Word na Excel. Herufi za Calibri, ambazo Word ilizifanya za kawaida kuanzia toleo la 2007, zina mbadala uitwao Carlito wenye upana ule ule kwa kila herufi, na Times New Roman nayo ina mbadala wa aina hiyo, kwa hiyo hati nyingi hufunguka mistari ikiwa mahali pake. Tatizo limeanza na herufi mpya za Aptos, ambazo Microsoft ilizitangaza 2023 kuchukua nafasi ya Calibri. Mwanafunzi mmoja aliniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo yenye kurasa 43, nikaifungua ikawa 45. Majedwali yalikatika katikati na yaliyomo yakawa yanaelekeza kurasa zisizo zao. Bahati njema niliiona kabla ya kuprinti. Dawa yake ni kumwomba mteja alete PDF, au kuifungulia hati hiyo kwenye Windows.

Makro za Excel, yaani programu ndogo zinazoandikwa ndani ya jedwali, ni kesi nyingine, na hapa nakubali kushindwa. Karani wa chama kimoja cha msingi ana jedwali la malipo lenye vitufe: ukibonyeza kimoja, linakokotoa makato ya kila mkulima na kutoa hati zao. Kwenye LibreOffice jedwali lilifunguka, tarakimu zikaonekana, ila vitufe vikawa mapambo. “Dada, wakulima wangu wananisubiri,” alisema, nami sikumwelezea falsafa ya programu huria. Nilihamia kompyuta ya pili.

Kuhusu kasi, wengi husifu Linux kupita kiasi. Kompyuta ya mbele ilikuwa ikichukua kama dakika nne kuwaka, na nilipoweka Mint kwenye diski ile ile ya kuzunguka ikashuka hadi dakika moja na ushei. Baadaye mjomba aliniwekea SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240 na muda ukashuka hadi sekunde kama ishirini. Kwa haki, aliyestahili lawama tangu mwanzo ni ile diski, na mtu mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu anunue SSD kwanza, kisha ndipo abishane juu ya mifumo.

Nimeulizwa pia kuhusu Apple. Kampuni hiyo hutengeneza mashine na mfumo vyote kwa pamoja, kwa hiyo mizozo ya draiva hupungua sana, lakini kompyuta zake zenye chipu za M, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, haziruhusu kuongeza RAM baada ya kununua, na katika duka lenye hewa ya chumvi ya bahari, ambako milango ya USB hupata kutu kabla ya deni la mashine kuisha, mimi nataka kitu ambacho mjomba anaweza kukifungua kwa bisibisi ya kawaida.

Mpangilio nilioufikia ni huu. Kompyuta ya mbele, ya Mint, hupokea flashi zote, hujaza maombi ya mtandaoni, huskani kwa skana ya kale na kuprinti rangi. Ya nyuma, ambayo ni Core i5 ya kizazi cha nane niliyoinunua ikiwa imetumika, ina Windows 11 halali, Word, Excel na ile leza ndogo. Kazi nyeusi naigeuza kuwa PDF kwenye Mint na kuitupa katika folda ambayo mashine zote mbili zinaiona kupitia ruta, kisha msaidizi wangu anaifungua upande wa pili na kuiprinti. Ni hatua moja ya ziada, na foleni ikiwa ndefu tunaihisi, hasa umeme ukirudi baada ya kukatika na kila mtu akataka kuhudumiwa kwanza.

Leza ikifa sitanunua nyingine ya aina yake. Nitaingia dukani na kompyuta mpakato yenye Mint, nitaomba printa ichomekwe hapo hapo kaunta, na kurasa tano zikitoka mfululizo bila taa kupepesa ndipo nitakapouliza bei.